Nusu Karne Kati ya Jaribio na Tiba

Mwambie mtu asimame wima, miguu imebanana, mikono ubavuni, kisha afumbe macho. Mwenye neva nzima atayumba kidogo tu. Mwenye neva za miguu zilizoharibika ataanza kupepesuka, na asipodakwa ataanguka. Jaribio hili halihitaji mashine wala dawa. Katika vitabu vya utabibu lina jina la Moritz Romberg, daktari wa Berlin aliyelieleza katika kitabu chake kikubwa cha magonjwa ya neva, kilichotoka kwa sehemu kati ya 1840 na 1846. Tangu wakati huo limetumika kila pembe ya dunia kuonyesha kwamba ubongo haupati tena habari kutoka miguuni. Lakini jaribio hilohilo linasema jambo la pili, na hilo ndilo linalonishughulisha hapa: kabla ya kufumba macho, mgonjwa huyo alikuwa amesimama. Kuna kitu kilikuwa kinamshikilia. Ilipita karibu nusu karne kabla ya jambo hilo la pili kufanywa msingi wa matibabu, na hoja yangu ni kwamba ucheleweshaji huo haukutokana na uhaba wa maarifa. Ulitokana na swali ambalo madaktari walilitanguliza. Walitafuta mahali palipokufa, wakasahau kuuliza kilichobaki hai kinaweza kufunzwa kazi gani.

Mwili husimama kwa habari kutoka sehemu tatu. Ya kwanza ni miguu yenyewe: ngozi ya nyayo, misuli, na viungo vya kifundo na goti hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo wakati wote, kueleza uzito umeegemea wapi na goti limepinda kiasi gani. Ya pili ni sikio la ndani, linalotambua kichwa kinapoinama au kugeuka. Ya tatu ni macho. Ubongo hulinganisha habari hizo bila mwenyewe kujua. Neva zinazobeba taarifa za miguu ni ndefu kuliko zote mwilini, na kwa sababu ya urefu huo ndizo mara nyingi huwa za kwanza kudhurika pale sumu, sukari nyingi ya damu au upungufu wa vitamini unapoushambulia mwili. Misuli inaweza kubaki na nguvu zake, na bado mtu akahisi kama anakanyaga pamba. Mambo haya hayakuwa siri hata kabla ya Romberg. Charles Bell, Mskoti, alikwisha kueleza mwaka 1826 kwamba misuli haipokei amri tu. Inarudisha pia habari kwenye ubongo. Mwaka 1836 Marshall Hall wa London aliandika juu ya mgonjwa aliyetembea salama maadamu macho yake yako chini, lakini akijaribu kutembea gizani anajikwaa. Wagonjwa wenyewe waliyajua kabla ya wote, kwa kuwa wengi wao dalili ya kwanza waliipata asubuhi: wakiinama kwenye beseni na kufumba macho ili wanawe uso, sakafu inawakimbia. Kwa hiyo kufikia 1846 kila kipande cha tiba kilikuwa mezani. Romberg mwenyewe, baada ya kueleza jaribio lake vizuri kabisa, aliandika kwamba wagonjwa hawa hawana tumaini la kupona.

Wagonjwa aliowazungumzia walikuwa hasa wa tabesi, ugonjwa wa kaswende ya muda mrefu ambayo hula mizizi ya neva za hisia na sehemu ya nyuma ya uti wa mgongo. Mfaransa Duchenne, aliyetoka Boulogne, aliueleza upya mwaka 1858 na kuonyesha jambo lililowashangaza wengi: akiwa amelala, mgonjwa asiyeweza kutembea aliweza kusukuma kwa mguu wake kwa nguvu ya mtu mzima wa afya. Hakuwa amepooza. Alichopoteza ni mpangilio wa mwendo. Huko Paris, katika hospitali ya Salpêtrière, Jean-Martin Charcot na wanafunzi wake walifuata wagonjwa wa namna hii kwa miaka, na walipofariki walikata uti wa mgongo vipande vyembamba na kuulinganisha na walichokiona kitandani. Katika miaka ya 1870 Alfred Fournier alishikilia kwamba chanzo ni kaswende, akapingwa vikali, na hatimaye akathibitishwa kuwa sahihi. Si haki kuwabeza watu hawa. Bila wao tusingejua kutofautisha mguu uliokosa nguvu na mguu uliokosa habari, na tofauti hiyo ndiyo nguzo ya kila kitu kinachofuata. Hata hivyo ni wazi kwamba juhudi zao ziliishia kwenye ramani ya maradhi. Mgonjwa alipouliza afanye nini kesho yake, jibu lilikuwa hafifu.

Pale majibu yalipotolewa, yaliilenga neva yenyewe, kana kwamba ingelazimishwa kurudi. Mwaka 1861 Carl Wunderlich wa Leipzig, ambaye tiba inamkumbuka zaidi kwa kipimajoto, alipendekeza naitreti ya fedha. Waliomeza dawa za namna hii kwa muda mrefu ngozi yao iliweza kugeuka kijivu na kubaki hivyo. Mwaka 1879 mpasuaji Carl Langenbuch wa Berlin alianza kuifunua neva kubwa ya siatiki na kuivuta kwa mkono, na kwa miaka michache upasuaji huo ukaigwa Ulaya nzima. Kisha ikaja tiba ya kuning'iniza. Ilianzia Odessa mwaka 1883, kwa daktari Motschutkowsky, na mwaka 1889 Charcot akaipa heshima ya jina lake: mgonjwa alifungwa mikanda chini ya kidevu, kisogoni na kwapani, akavutwa juu kwa kamba hadi miguu ikaachana na sakafu, akabaki hapo dakika chache kwa imani kwamba uti wa mgongo unanyooka na kupata damu. Mwandishi Alphonse Daudet alikuwa mmoja wa walioning'inizwa. Maandishi yake juu ya maumivu hayo yalichapishwa miaka mingi baada ya kifo chake cha mwaka 1897. Zikaripotiwa ajali na hata vifo, na baada ya muda tiba ikaachwa. Ni jambo la kuhuzunisha kuona watu ambao kosa lao lilikuwa kutojua miguu yao iko wapi wakiondolewa ardhini kabisa, ilhali walichohitaji ni kufunzwa upya namna ya kuikanyaga.

Badiliko lilitokea mbali na hospitali kubwa. Heiden ni mji mdogo wa Uswisi, katika jimbo la Appenzell Ausserrhoden, juu ya Ziwa Konstanz. Enzi hizo ulijulikana kwa hewa safi na wageni waliokuja kujitibu. Henri Dunant, mwanzilishi wa Msalaba Mwekundu, alihamia huko mwaka 1887 na kufia huko mwaka 1910. Hapo alifanya kazi daktari Heinrich Frenkel. Inasimuliwa kwamba katika mwaka huohuo wa 1887 alimpima mgonjwa kwa jaribio la kugusa pua kwa kidole, naye akashindwa vibaya. Mgonjwa aliuliza jaribio lina maana gani, akaenda zake, na aliporudi miezi kadhaa baadaye alifaulu. Frenkel alishangaa, kwa sababu ugonjwa haukuwa umepungua. Mgonjwa akaeleza kwamba alikuwa akifanya mazoezi ili asishindwe tena. Daktari mwingine angeweza kukasirika kwamba kipimo chake kimeharibiwa. Frenkel aliona kwamba kuharibika kwa kipimo ndiyo habari yenyewe: ikiwa jaribio linaweza kufanyiwa mazoezi, basi mwendo nao unaweza. Mwaka 1890 alichapisha makala ya kwanza katika jarida la madaktari la Munich, na mwaka 1900 kikatoka kitabu chake kamili, kilichotafsiriwa kwa Kiingereza miaka miwili baadaye.

Inafaa kuyatazama mazoezi hayo kwa karibu, maana unyenyekevu wake unadanganya. Mgonjwa huanza akiwa amelala, kichwa na mabega yameinuliwa kwa mito ili aione miguu yake mwenyewe. Kisigino hakiachani na kitanda: anakunja goti, ananyoosha, anapeleka mguu pembeni, anaurudisha, kisha anasimamisha mwendo katikati pale anapoambiwa simama. Baadaye kisigino kinainuliwa na kuwekwa juu ya goti la mguu wa pili, kikiteremka taratibu juu ya muundi bila kuteleza. Akiwa amekaa kwenye kiti, anaweka unyayo juu ya alama iliyochorwa sakafuni, na anajifunza kuinuka na kuketi kwa hesabu. Mwisho anasimama na kutembea juu ya mistari na alama za nyayo zilizopakwa rangi sakafuni, hatua nzima, nusu hatua, robo hatua, akigeuka kwa vipande vidogo. Hesabu husemwa kwa sauti. Mwendo wa polepole huja baada ya mwendo wa haraka, kwa kuwa ndio mgumu zaidi: mguu unaorushwa unaweza kufika kwa bahati, unaoteremshwa taratibu hauna pa kujificha. Nguvu haitafutwi hata kidogo. Tena Frenkel alisisitiza mapumziko na kuhesabu mapigo ya moyo, kwa sababu mguu usiopeleka habari haupeleki hata habari ya kuchoka, na mgonjwa anaweza kujidhuru akidhani bado ana nafasi. Kanuni hii ya mwisho inaonyesha daktari aliyewatazama watu wake kwa makini kuliko wote waliomtangulia.

Macho, basi, ndiyo yaliyobebeshwa kazi ya miguu. Lakini si macho peke yake. Uharibifu wa neva mara chache huwa wa asilimia mia. Hubaki nyuzi zinazopitisha habari kidogo, dhaifu na iliyochelewa, ambayo mtu mwenye neva nzima huwa haisikilizi. Kurudia kitendo kimoja mara nyingi, kwa umakini, huufundisha ubongo kuitumia habari hiyo iliyobaki. Ndiyo maana hatua ya juu ya mazoezi haya ni kuyafanya macho yakiwa yamefumbwa. Huko Paris, Fulgence Raymond, aliyeshika kiti cha Charcot, alimkaribisha Frenkel Salpêtrière, palepale ambapo miaka michache nyuma wagonjwa walikuwa wakining'inizwa. Tiba iliyozaliwa kwa wageni wa milimani ikawafikia wagonjwa wa hospitali ya umma, na haikuhitaji kitu ambacho chaki, kiti na muda havingeweza kutoa.

Mtu anaweza kupinga kwa kusema kwamba mshindi wa kweli wa hadithi hii ni penisilini. Mara dawa hiyo ilipoanza kutibu kaswende katika miaka ya 1940, tabesi ikapungua hadi kuwa ugonjwa ambao madaktari wengi huusoma tu. Kwa hiyo waliotafuta chanzo walikuwa sahihi, na Frenkel alikuwa akiwaliwaza watu wakati sayansi inafika. Pingamizi hili lina uzito, na sina nia ya kulipunguza: kuzuia ni bora kuliko kufundisha kuishi na hasara. Lakini penisilini haikurudisha neva zilizokwisha kufa, na nafasi iliyoachwa na kaswende imejazwa na maradhi mengine. Kisukari ndicho kikubwa. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba mwaka 2021 kulikuwa na watu wazima milioni 24 wenye kisukari katika kanda yake ya Afrika, na sehemu kubwa ya wanaoishi nacho kwa miaka mingi hupata ganzi ya miguu. Pombe, upungufu wa vitamini B12 na baadhi ya dawa za saratani hufanya vivyo hivyo. Hapa Afrika Mashariki kuna sura moja inayotuhusu moja kwa moja: stavudini, iliyokuwa katika vidonge vya kwanza vya bei nafuu vya kupunguza makali ya VVU, iliokoa maisha ya watu wengi sana na papo hapo ikaharibu neva za miguu za baadhi yao, hadi Shirika la Afya Duniani lilipoelekeza mwaka 2009 kwamba iachwe hatua kwa hatua. Kuacha dawa kulizuia wapya. Waliokwisha kupata ganzi, wengine wamebaki nayo, na swali lao ni lilelile la wagonjwa wa Romberg.

Pingamizi zito zaidi linahusu macho. Ikiwa tiba yote imeegemezwa kwenye kuona, itakuwaje usiku, itakuwaje umeme ukikatika, itakuwaje kwa mtu ambaye macho nayo yanafifia? Kisa cha Mwingereza Ian Waterman, kilichoandikwa na daktari Jonathan Cole mwaka 1991, kinaonyesha uwezo na mpaka kwa pamoja. Akiwa na miaka 19, mwaka 1971, alipoteza ghafla hisia ya mguso na ya mahali viungo vilipo, kuanzia shingoni kwenda chini. Misuli haikupooza. Kwa kazi ya muda mrefu alijifunza kukaa, kusimama na kutembea kwa kukitazama na kukipanga kila kitendo. Taa zikizimika, huanguka. Tena yapo maradhi yanayochukua neva za miguu na za macho kwa pamoja. Huko Nigeria, Benjamin Osuntokun alieleza kwa kina mwaka 1968 ugonjwa wa kupepesuka katika vijiji vinavyotegemea sana muhogo, ambao waliougua wengi waliharibika macho pia na wengine masikio. Dar es Salaam, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, madaktari wa macho walianza kuona vijana wengi waliofifiwa na uoni wa katikati, na sehemu yao walikuwa na ganzi ya miguu. Kisukari chenyewe kinashambulia retina. Kumwambia mtu kama huyo ategemee macho ni kumpa nusu ya jibu.

Pingamizi hili nalikubali, ila halivunji hoja, linaipanua. Jambo alilolifundisha Frenkel si kwamba macho ni dawa, ni kwamba hisia iliyobaki ifunzwe kubeba kazi ya iliyopotea. Mwaka 1994 John Jeka na James Lackner, huko Marekani, walichapisha jaribio walilofanya kwa watu wenye afya waliosimama wakiwa wamefumba macho. Kugusa kitu imara kwa ncha ya kidole, kwa mguso mwepesi usioweza kushikilia uzito wa mwili, kulipunguza kuyumba karibu sawa na kule kuona. Kidole kilikuwa kinatoa habari, hakikuwa nguzo. Tafiti zilizofuata kwa watu wenye neva zilizoharibika zilionyesha kwamba fimbo, au kugusa ukuta, huwasaidia kwenye njia isiyo sawa na yenye mwanga hafifu. Kwa hiyo bakora ya mzee ina kazi ambayo wengi hawaifikirii: inapeleka sakafu hadi kiganjani, na kiganja mara nyingi bado kina neva nzima wakati nyayo zimekwisha kufa ganzi, kwa kuwa njia yake ni fupi. Anayemzuia mzazi wake asitumie fimbo kwa kuona aibu anamnyima hisia, wala si egemeo tu. Vivyo hivyo taa ndogo ya usiku kati ya kitanda na choo ni sehemu ya matibabu kwa maana halisi.

Linabaki swali la ushahidi, na hapa uaminifu unatakiwa. Majaribio ya miaka ya karibuni juu ya watu wenye kisukari na ganzi ya miguu yanaonyesha kwamba mazoezi ya usawa na ya kuimarisha vifundo vya miguu huwafanya wasimame vizuri zaidi, hata kwa mguu mmoja. Kama yanapunguza idadi ya maanguko katika maisha ya kila siku, matokeo yana udhaifu: tafiti nyingi ni ndogo, na mojawapo iliyofuatilia washiriki kwa mwaka mzima haikupata tofauti ya kutegemewa. Wapo wanaochukua hilo kuwa sababu ya kuacha. Mimi naliona tofauti. Mtu aliyefunzwa huanza kwenda mahali ambako zamani hakwenda, sokoni, msikitini, kwa jirani, na kila hatua mpya ni nafasi mpya ya kujikwaa; hesabu ya maanguko pekee haiwezi kutofautisha aliyejifungia ndani na aliyerudi barabarani. Hilo halithibitishi kwamba mazoezi yanafaulu. Linaonyesha kwamba tumechagua kipimo kinachoona upande mmoja tu, kama walivyofanya waliosoma jaribio la Romberg kwa nusu karne.

Na tabia hiyo bado ipo. Katika kliniki ya kisukari, nyayo hupimwa kwa uzi wa nailoni unaopinda ukisukumwa kwa gramu 10, kipimo kilichokomazwa katika hospitali ya ukoma ya Carville, Louisiana, kabla ya kuhamia kwenye kisukari. Asiyeuhisi huambiwa akague nyayo kila jioni, asitembee pekupeku, asipime maji ya moto kwa mguu. Ushauri huo umeokoa miguu mingi isikatwe, na uendelee. Lakini wote unahusu ngozi, na mara nyingi mgonjwa huondoka bila mtu kumwuliza anasimamaje. Siku ileile uzi uliposhindwa kuhisiwa, angeweza kusimamishwa karibu na ukuta, macho wazi, kidole kimoja kikigusa, akaonyeshwa kuhamisha uzito kutoka mguu hadi mguu taratibu kwa kuhesabu. Akaonyeshwa kuinuka kitini bila kujitupa. Akaambiwa awashe taa kwanza ndipo ainuke kitandani, na anawe uso akiwa ameketi au ameshika ukingo wa sinki. Dakika kumi zinatosha kwa somo la kwanza, na ndugu aliyemsindikiza afundishwe pamoja naye, kwa kuwa huyo ndiye atakayesimama nyuma yake wiki za mwanzo.